Umeme usipotangulia, gesi ya mtungi huishia motoni

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

KATIKA soko la Rumonge, gharama ya nishati imejificha ndani ya kila bidhaa. Imo ndani ya ndagala, kwa sababu boti zinazotoka usiku huenda kwa petroli, ambayo hapa wengi huiita esansi. Imo ndani ya mawese, kwa sababu chikichi huchemshwa kwanza kwa kuni ndipo zikamuliwe. Imo ndani ya mukeke, samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, kwa sababu asiyepata barafu sharti auzwe siku hiyohiyo kwa bei anayoitaka mnunuzi. Anayepeleka mzigo Bujumbura, umbali wa kilomita zipatazo 75 kwa barabara ya pwani, au anayeshuka kusini kuelekea Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina, hulipa gharama hiyo tena katika nauli.

Miaka ya karibuni Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta. Foleni vituoni, bidoni zinazouzwa kwa kificho na nauli inayopanda bila taarifa ni mambo ambayo mfanyabiashara wa mwambao huu hahitaji kuelezwa na gazeti.

Huku hayo yakiendelea, Benki ya Dunia inakadiria kuwa mwaka 2024 visima na mitambo ya mafuta duniani ilichoma hewani mita za ujazo bilioni 151 za gesi. Kiasi hicho kinakaribia gesi yote inayotumiwa na bara la Afrika kwa mwaka mzima. Gesi hiyo haikupika chakula wala kuwasha taa. Iliwaka juu ya bomba refu, usiku na mchana, ikaisha.

Makala haya yanaeleza kwa nini gesi huchomwa hivyo, na kwa nini dawa yake mara nyingi huanza na kitu ambacho watu hawakitaji: kituo cha kupoza umeme, hasa kile kinachoundwa kiwandani na kuletwa kwa lori kikiwa kimekamilika. Rumonge haina kisima cha mafuta wala mtambo wa gesi. Lakini wafanyabiashara wake hununua mitungi na mafuta kutoka masoko yaleyale ya ukanda huu, wana jirani anayejenga mitambo hiyo kando ya ziwa kama hili, na ziwa lao wenyewe limekwisha kugawanywa vitalu vya utafutaji wa mafuta kwenye ramani.

Si kila gesi huingia mtungini

Swali moja huulizwa sana sokoni: Tanzania ina gesi nyingi, mbona gesi ya mitungi bado inaletwa kwa meli?

Jibu ni kwamba gesi hazifanani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay mkoani Mtwara, ni gesi kavu. Karibu yote ni methani. Methani hufaa sana kuzalisha umeme, kuendesha viwanda na hata magari ikishindiliwa kwenye matangi maalumu. Lakini haigeuki kimiminika ndani ya mtungi wa kawaida wa nyumbani. Mtungi huo unahitaji propani na butani, gesi nzito zaidi ambazo hukubali kuwa kimiminika zikibanwa kidogo tu. Ndiyo maana gesi ya kupikia inayouzwa Afrika Mashariki huingia kwa meli kupitia bandari kama Dar es Salaam na Mombasa, kisha husafiri kwa lori hadi nchi zisizo na bahari. Kila kilomita ya safari hiyo huongezwa kwenye bei.

Propani na butani hupatikana kwa wingi zaidi pale gesi inapotoka pamoja na mafuta ghafi. Mafuta yakiwa chini ya ardhi hubeba gesi ndani yake, kama soda inavyobeba hewa chupani. Yakifika juu, mgandamizo hupungua na gesi hufoka. Gesi hii inayofuatana na mafuta ndiyo inayochomwa zaidi duniani. Kwa hiyo mara nyingi moto unaoonekana juu ya mtambo wa mafuta unaunguza bidhaa ileile ambayo mama lishe wa Rumonge angeinunua kwa kilo.

Hesabu yake ni nyepesi. Tani moja ya gesi ya kupikia hujaza mitungi 166 ya kilo 6, au mitungi 66 ya kilo 15. Kila tani inayoungua ni mitungi hiyo isiyofika sokoni.

Iraki imeonyesha kuwa hali hii inaweza kubadilika. Mwaka 2013 kampuni ya Basrah Gas Company, ambayo ni ubia wa serikali ya nchi hiyo na kampuni za Shell na Mitsubishi, ilianza kukusanya gesi iliyokuwa ikichomwa kwenye visima vya kusini. Nchi iliyokuwa ikinunua gesi ya kupikia kutoka nje ilianza kuiuza nje mwaka 2016. Iraki bado ni miongoni mwa nchi zinazochoma gesi nyingi zaidi duniani, lakini sehemu iliyookolewa iliokolewa kwa mabomba, kompresa, na umeme wa kuziendesha.

Umeme ukikatika, gesi haisubiri

Safari ya gesi kutoka kisimani hadi mtungini ni safari ya mota. Kwanza gesi hutenganishwa na mafuta na maji. Kisha hubanwa na kompresa, hukaushwa, hupozwa kwa feni na mashine za baridi, na mwisho hugawanywa: methani upande huu, propani na butani upande ule. Kila hatua ina pampu, feni au kompresa, na kompresa kubwa huhitaji umeme mwingi usioyumba.

Umeme huo kwa kawaida hufika kwa laini yenye nguvu kubwa, kwa mfano volti 33,000 au zaidi. Mota kubwa za mtambo hutumia volti 11,000 au 6,600, na mashine ndogo hutumia volti 400. Kazi ya kituo cha kupoza umeme ni kushusha nguvu hiyo kwa transfoma, kuigawa kwa kila mota, na kukata upande wenye hitilafu kabla haijasambaa kwenye mtambo mzima.

Sasa fikiria umeme unayumba. Hauhitaji kukatika kwa saa nzima. Kushuka kwa nguvu kwa muda ulio chini ya sekunde moja kunaweza kutosha kusimamisha kompresa. Kuiwasha upya si kama kuwasha jenereta ya saluni. Hatua za usalama na kurudisha mgandamizo huweza kuchukua saa kadhaa. Katika saa hizo visima havijui kuwa umeme umekatika. Gesi inaendelea kupanda, mgandamizo unaongezeka ndani ya mabomba, na mtambo hauna budi kuitoa. Mahali salama pa kuitoa ni kwenye bomba refu la kuchomea, kwa sababu gesi ikiachiwa bila kuchomwa huweza kulipuka, na methani ikipaa hewani hulitia dunia joto kuliko moshi wake.

Kwa hiyo moto ule si uovu kwa wenyewe. Ni kama vali ya usalama ya sufuria ya mvuke. Kila mtambo wa gesi duniani unao, na unapaswa kuwa nao. Tatizo ni pale vali ya dharura inapogeuzwa kuwa njia ya kila siku: visima vinafunguliwa kabla kompresa hazijafungwa, au kompresa zimefungwa lakini umeme wa uhakika haujafika. Mafuta yanauzwa, fedha zinaingia, na gesi inachomwa kwa ahadi kwamba mtambo wake utakamilika baadaye. Hiyo "baadaye" huweza kudumu miaka mingi.

Nigeria ni ushahidi. Sheria yake ya mwaka 1979 ilitaka uchomaji wa gesi bila kibali ukome kuanzia Januari 1984. Miaka 40 baadaye, nchi hiyo ilikuwa bado miongoni mwa nchi tisa zinazochoma takribani robo tatu ya gesi yote inayochomwa duniani. Sheria ilikuwepo. Mitambo ya kuipokea gesi, na umeme wa kuiendesha, ndiyo haikuja kwa kasi ileile.

Kituo kinachofika kwa lori

Hapa ndipo kinapoingia kituo cha kupoza umeme kinachoundwa kiwandani.

Kwa utaratibu wa zamani, kituo hujengwa palepale kinapohitajika. Kwanza eneo husawazishwa, kisha hujengwa nyumba ya matofali au zege, paa hupauliwa, ndipo makabati ya swichi yaletwe moja moja na mafundi wayaunganishe waya kwa waya. Vipimo hufanywa mwishoni, na kosa likipatikana fundi na kipuri hutafutwa mbali. Katika maeneo ya mbali, yenye mvua na barabara mbovu, kazi hiyo huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Visima vikikamilika kabla yake, gesi huchomwa.

Kwa utaratibu mpya, nyumba yenyewe ni ya chuma na huundwa kiwandani. Ndani yake hufungwa swichi kubwa, relei za ulinzi, makabati ya kuongozea mota, betri za dharura, viyoyozi na vifaa vya kugundua moto. Kila kitu huunganishwa na kupimwa kikiwa bado kiwandani, mbele ya mafundi waliokiunda. Kisha nyumba nzima, au vipande vyake viwili au vitatu, hupakiwa kwenye trela. Wakati inaundwa, wajenzi huku shambani wanamwaga zege la nguzo zake. Ikifika hunyanyuliwa kwa krini, huwekwa juu ya nguzo, transfoma huwekwa nje kando yake, na nyaya huunganishwa. Kazi ya eneo la ujenzi iliyokuwa ya miezi mingi huweza kushuka hadi wiki chache.

Faida ya kwanza ni muda, na muda hapa una maana ya gesi: kila mwezi unaookolewa ni mwezi ambao moto hauwaki.

Faida ya pili ni kuhamishika. Visima vingi vinavyochoma gesi ni vidogo na vimetawanyika. Gesi yao huwa nyingi miaka ya mwanzo, kisha hupungua. Mwekezaji hakubali kujenga kituo cha kudumu kwa kisima kitakachochoka baada ya miaka michache, hivyo huchoma. Kituo kinachoweza kunyanyuliwa na kupelekwa kisima kingine hubadili hesabu hiyo, sawasawa na mchuuzi anayekubali kufungua kibanda cha kuhamishika mahali ambapo asingejenga duka.

Faida ya tatu inaeleweka vizuri zaidi mwambao huu: nyumba hizi hukaa juu ya nguzo. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia mitaani Rumonge, Bujumbura na ng'ambo Uvira. Makabati ya umeme yaliyowekwa sakafuni hayawezi kuvumilia jambo hilo.

Lakini mfanyabiashara hanunui kitu kwa kusikia faida tu, na vituo hivi vina upungufu wake. Bei yake ya kununulia huweza kuwa kubwa kuliko ya jengo la kawaida. Ukubwa wake huamuliwa na upana wa barabara na uimara wa madaraja. Chuma hushika joto, kwa hiyo kiyoyozi kikifa katikati ya kiangazi, vifaa vya ndani navyo huwa hatarini. Vipuri vyake mara nyingi ni vya mtengenezaji mmoja, na fundi wa mtaani hana. Zaidi ya yote, sanduku hili halizalishi umeme. Hupokea umeme uliopo na kuugawa vizuri. Laini inayolileta umeme ikiwa dhaifu, sanduku jipya litakuwa dhaifu vilevile.

Njia moja ya kulivuka hilo ni kuitumia gesi yenyewe kuendesha jenereta za mtambo. Hapo kituo cha kupoza umeme huunganisha jenereta hizo na mota, na huweza kuungwa pia na gridi ya taifa, ili upande mmoja ukikwama mwingine ushike.

Jirani wa Ziwa Albert

Mahali pa karibu pa kutazama jambo hili likitendeka ni Uganda. Mafuta yaliyogunduliwa mwaka 2006 kando ya Ziwa Albert yanaendelezwa katika miradi miwili. Tilenga, unaosimamiwa na TotalEnergies, umekusudiwa kutoa mapipa 190,000 kwa siku yatakapofikia kilele. Kingfisher, unaosimamiwa na CNOOC ya China, umekusudiwa kutoa mapipa 40,000. Mafuta yatasafiri kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Ratiba imesogezwa mara kadhaa, na sasa mwaka 2026 ndio unaotajwa kwa mafuta ya kwanza.

Mradi huo unategemea umeme kuliko watu wengi wanavyodhani. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na yakipoa huganda kama mawese yanavyoganda asubuhi ya baridi. Bomba zima lazima litiwe joto, hivyo kwenye njia yake vinahitajika vituo vya umeme, vingi vikiwa porini, mbali na mji wowote. Kule visimani gesi itakayotoka na mafuta imepangiwa kazi mbili: kuzalisha umeme wa mitambo yenyewe, na kutengenezwa gesi ya kupikia kwa soko.

Sheria ya petroli ya Uganda ya mwaka 2013 inazuia kuchoma gesi kupita kiasi kinachohitajika kwa usalama, isipokuwa kwa idhini ya waziri. Ni sheria nzuri. Lakini tumeona Nigeria kwamba sheria peke yake haizimi moto. Kitakachoamua ni mpangilio wa kazi: je, siku mafuta ya kwanza yatakapopanda, kompresa za gesi zitakuwa zimekwisha kupata umeme wa kutegemewa? Zikiwa tayari, soko la Afrika Mashariki litapata mitungi ambayo haikusafiri baharini. Zisipokuwa tayari, mitungi hiyo itaungua huku lori la Dar es Salaam likiendelea kupanda milima.

Karibu zaidi na Rumonge kuna mfano mwingine, na huu unafanya kazi tayari. Maji ya Ziwa Kivu, ambayo chini yake yamejaa methani, hushuka kwa mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda umekuwa ukivuta maji ya kina cha mita zipatazo 350, kuyatoa gesi juu ya jahazi la chuma, na kuisukuma gesi hiyo kwa bomba la kilomita 13 hadi Karongi, ambako injini zenye uwezo wa megawati 26 huzalisha umeme. Gesi na umeme hapo vimefungwa pamoja: gesi huzaa umeme, umeme hupita kituo cha kupoza kuingia gridi, na injini zikisimama, gesi iliyokwisha kupanda lazima itafutiwe pa kwenda. Maji hayohayo ya Kivu, yakishuka Ruzizi, huzungusha mitambo ya Ruzizi I na Ruzizi II inayolisha pia Burundi. Kwa hiyo taa nyingi za Bujumbura tayari zinategemea ziwa la jirani.

Na Tanganyika je?

Utafutaji wa mafuta upande wa Burundi si jambo jipya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili katika bonde la Rusizi, na havikuleta mafuta ya biashara. Baadaye vitalu viligawanywa ziwani na kampuni nyingine zikapewa haki ya kutafuta, ikiwemo Surestream Petroleum. Hadi leo hakuna pipa lililouzwa. Lakini vitalu vilivyochorwa havifutiki kirahisi, na bei ya mafuta ikipanda huzungumzwa tena.

Kwa mwambao huu jambo hilo lina uzito wa pekee. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 na mto mmoja tu unaolitoa maji, Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana. Nchi nne hulishwa nalo: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Kuna jambo jingine ambalo mhandisi kutoka mbali anaweza asilijue, ila kila mvuvi wa Rumonge analijua. Katika ziwa hili taa ni sehemu ya nyavu. Ndagala huvuliwa gizani kwa mwanga, zamani kwa karabai na sasa zaidi kwa taa za betri na za umeme wa jua. Mbaramwezi ikiwa kali, kazi hupungua kwa sababu samaki hawakusanyiki penye taa. Moto wa gesi unaowaka ufukweni kila usiku ungekuwa karabai kubwa ambayo hakuna mvuvi wa kuizima. Namna ungebadilisha mienendo ya samaki wa mwambao ni swali la kupimwa kabla, wala si la kusubiri hadi dagaa waadimike sokoni. Ziwa Albert nako huvuliwa kwa taa, na uwanda wa Buhuka, yaliko makao ya mradi wa Kingfisher, uko ufukweni kabisa. Yatakayoonekana huko ni ya kufuatiliwa na watu wa huku.

Chombo cha kuulizia kipo. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam mwezi Juni 2003 na nchi zote nne, na mamlaka ya ziwa ina makao yake Bujumbura. Mkataba unazitaka nchi kujulishana kuhusu miradi inayoweza kuwaathiri majirani. Burundi na Tanzania ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Chama cha wauza samaki wa Rumonge kikishirikiana na wenzao wa Kigoma na Uvira kina milango zaidi ya mmoja ya kubisha.

Somo la leo, hata bila kisima

Si lazima kusubiri mafuta ili somo hili lifae. Katika milima ya Bururi na Rumonge umejengwa mradi wa umeme wa maji wa Jiji na Mulembwe, wenye uwezo wa megawati 49.5 kwa jumla. Upande wa mashariki, bwawa la Rusumo la megawati 80 limegawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Umeme unaongezeka. Lakini laini kubwa ikipita juu ya paa haigandishi maji. Kati ya laini hiyo na mashine ya barafu lazima kiwepo kituo cha kuushusha umeme, transfoma yenye nafasi, na ulinzi unaozuia hitilafu ya mtaa mmoja kuzima mji mzima.

Muuza mukeke na mwendesha mtambo wa gesi wana tatizo moja. Wote wawili wana bidhaa isiyosubiri. Umeme ukikatika, yule wa gesi huchoma, na huyu wa samaki huuza kwa hasara au humwaga. Na wote wawili huweza kusaidiwa na vituo vilevile vinavyoundwa kiwandani, kwa sababu nyumba ya chuma yenye swichi na relei hailazimiki kufanya kazi kwenye visima tu. Hufaa mwalo wenye ghala la baridi, kiwanda cha mawese, au mpaka wenye maegesho ya malori ya friji.

Kwa hiyo, mfanyabiashara anapoalikwa kwenye mkutano wa mradi wowote wa nishati, uwe wa gesi au wa umeme, kuna maswali machache ya kwenda nayo.

La kwanza: umeme wa mtambo utatoka wapi, na laini ya pili iko wapi ile ya kwanza ikikatika? La pili: kituo cha kupoza umeme kitakamilika kabla ya uzalishaji au baada yake? Ratiba inayoweka kituo nyuma ya kisima ni ratiba ya kuchoma gesi, hata kama neno hilo halikuandikwa. La tatu: kituo kimewekwa juu kiasi gani kuliko maji ya mwaka 2024? La nne: vipuri viko wapi, Bujumbura, Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari, na nani amefundishwa kuvifunga? La tano: gesi itakayochomwa itapimwa na nani, na takwimu zake zitatangazwa kila mwezi mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuzisoma?

Maswali haya hayahitaji shahada ya uhandisi. Ni ya aina ileile ambayo muuza ndagala humuuliza mwenye boti kabla ya kumkabidhi mzigo wa Kigoma: injini ni nzima, ya akiba ipo, mafuta yanatosha, na tukikwama katikati ya ziwa nani atalipa. Mwenye boti asiyeweza kuyajibu hapewi mzigo. Mwenye mtambo naye ayajibu kabla ya kupewa ufukwe.